Mkuu, hiyo boti ya bure ya Murano usiipande

Nimesoma swali lako mpaka pale ulipoandika kwamba hoteli yenu ya Venice imewaahidi boti ya bure kwenda kisiwa cha Murano kuona mafundi wa vioo, nikaacha chai mezani. Hayo mengine uliyouliza tutayafikia nikiyakumbuka. Hiyo boti achana nayo kabisa!

Mimi nilikuwa na watoto watatu na shemeji yenu, siku moja tu ya kuzunguka Venice. Jamaa wa mapokezi, suti imenyooka, meno thelathini na mbili nje, akatuambia sisi ni wageni maalumu, asubuhi tutafuatwa na boti binafsi bila kutoa hata senti. Kwa kweli nilivimba kichwa. Mswahili kufuatwa na boti ya peke yake Ulaya, nani asipige picha?

Mnafika, fundi anapuliza kioo kwenye tanuri, anavuta farasi mdogo kwa koleo, watoto wanapiga makofi. Dakika chache tu, kwisha. Halafu mnapandishwa ghorofani, na huko ndiko kazi iliko. Chumba baada ya chumba cha vioo, muuzaji yuko mgongoni, na mwanao wa miaka mitatu ananyoosha mkono kwenye taa yenye bei ya pikipiki. Mkisema ghali, bei inashuka nusu, “kwa ajili yenu, leo tu”. Mkitaka kutoka, mlango unaoonyeshwa unaingia chumba kingine. Tulitoka na bilauri sita. Bei siandiki hapa, shemeji yenu naye yumo humu jukwaani. Mpaka leo ziko kabatini, haruhusiwi mtu kuzigusa, sisi tunanywea vikombe vya plastiki.

Boti ya kuturudisha? Ilishaenda kuchukua wengine. Tukatembea na mtoto analia mpaka kituo cha Murano Colonna, tukakata tiketi za boti ya abiria, euro 9.50 kwa kichwa, kurudi kutoka safari ya “bure”. Kurudi mjini, kanisa la San Marco tukakuta foleni imezunguka, watoto hawana miguu tena. Yule wa suti jioni ananiuliza kama tulifurahia! Kamisheni yake ilikuwa mfukoni tayari, mwizi yule.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tulishapigwa zamani. Shanga za Venice ndizo zilizokuwa zikitembea na misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kwenda bara, zile nyekundu wakiziita samisami, pembe za ndovu zinarudi pwani. Na mimi nikapanda boti mwenyewe kwenda kumalizia deni.

Kwa hiyo kanuni ni moja: Venice usipande chombo ambacho hujakata tiketi. Murano yenyewe nzuri, matanuri yako huko tangu 1291, jamhuri yao ilipoyahamisha kwa kuogopa moto mjini. Nendeni wenyewe. Kutoka kituo cha Fondamente Nove pale Venice, boti ya abiria namba 4.1 au 4.2 inapita kisiwa cha makaburi cha San Michele, kama dakika kumi mmefika, halafu ingieni Museo del Vetro, makumbusho ya vioo, ambako hakuna wa kuwabana. Chukueni tiketi ya boti ya saa 24, euro 25, walio chini ya miaka 6 hawalipi. Igusisheni kwenye mashine kabla ya kupanda, faini zao hazina utani. Na boti namba 1 kwenye Canal Grande, mfereji mkuu wa mji, kwa tiketi hiyo hiyo inatosha kabisa. Gondola, ile mitumbwi myembamba ya kasia, bei ya manispaa ni euro 90 mchana kwa nusu saa, chombo kizima, siyo kila mtu. Mkitaka tu watoto waseme wameipanda, kuna ya kuvushia watu ng'ambo ya mfereji pale kituo cha Santa Sofia, euro 2.

Kigari cha mtoto kiacheni hotelini, madaraja yapita 400 na mengi ni ngazi. Mbebeni mgongoni kwa kanga.

Uliuliza na misosi, eti? Sikumbuki tulikula nini, nilikuwa nimenuna.