Kumwamini Mungu huku moyo umejaa maswali

Ndugu, umeuliza kama kumwambia Mungu kwamba umechoka na una mashaka ni kukosa imani. Mimi naona kinyume chake. Zaburi 62:8 inatuita tumtumaini sikuzote, na papo hapo inatuambia tuifunue mioyo yetu mbele zake. Nani humfunulia moyo mtu asiyemwamini?

Mtazame Hana, mwanamke tasa aliyekuwa akimwomba Mungu mtoto, katika 1 Samweli 1. Midomo inacheza, sauti haisikiki, machozi yanamtoka, hadi kuhani Eli akadhani amelewa! Alimimina uchungu wote, kisha akaenda zake akala, uso haukukunjamana tena. Na mtoto alikuwa bado hajampata. Hapo ndipo huwa pananigusa.

Leo usiku jaribu kuomba bila yale maneno tuliyoyakariri. Sema linalokuuma hasa, hata kama ni hasira.