Shaba ya Katanga kabla ya makampuni

Umeuliza wenyeji wa Katanga, kusini mwa Kongo, waliipataje shaba ndani ya misitu ya miombo bila mashine. Alama kuu ilikuwa uwazi: udongo wenye shaba nyingi huua miti, kwa hiyo kilima chenye nyasi na vimea vifupi katikati ya msitu kilistahili kuchimbwa. Walilenga malakiti, jiwe la kijani lenye shaba lililo karibu na uso wa ardhi, wakati wa kiangazi, maana mvua hujaza mashimo maji.

Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto. Ndani waliweka makaa ya miti migumu pamoja na malakiti, wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo! Hewa ikipungua, joto halifiki 1,085°C na shaba haiyeyuki. Ikizidi, gesi ya makaa inayoondoa oksijeni kwenye madini huungua mapema. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu, ikawa misalaba iliyotumika kama fedha. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya kuchimba shaba huko Katanga, ilianzishwa baadaye sana, 1906.