Pimeni ringi lenu kwanza: niliyojifunza msimu tuliobeba kombe la basketi chuoni Tabora

Habari zenu wadau wa kikapu. Mwezi huu wamenitafuta vijana wawili, wote wako vyuo vya hapa Tabora na wote wameuliza kitu kilekile, dada mlifanyaje ule mwaka mpaka mkabeba kombe wakati mwaka wa nyuma yake mlikuwa mnafungwa na kila mtu. Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike hapa yote, maana najua wapo wengine wenye timu za wanaume chuoni wanahangaika vilevile na hawajui waanzie wapi.

Kwanza mjue nilikuwa nani pale. Mi sikuwa kocha. Nilicheza basketi sekondari mpaka nikafika UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, nilivyoingia chuo nikakuta wasichana tunaotaka kucheza tuko wanne, na wanne hawafanyi timu, basi nikawa naenda kukaa pembeni ya mazoezi ya wanaume kwa sababu siwezi kukaa mbali na mpira. Siku moja kocha akanipa kaunta buku akasema mdogo wangu kama upo kila siku basi uwe unaandika. Ndo nikawa mtu wa daftari, misimu miwili.

Mechi ya kwanza ya msimu ule tulicheza ugenini tukafungwa kwa pointi 2. Kwenye ile daftari nilikuwa nimeandika mitupo huru, ile mnayopewa mkifanyiwa faulo, mtu anapiga kwenye mstari bila kuzuiwa. Tulipata 21 tukaingiza 7. Saba! Yaani kumi na nne zimetupwa chini na mechi imeondoka kwa mbili. Wachezaji kwenye gari wakawa wanasema refa, refa, refa, na mimi nikawa nimekaa na daftari mapajani sijui hata nianzie wapi kuongea. Kilichonishangaza ni kwamba mazoezini walewale walikuwa wanaingiza vizuri tu, mtu anapiga kumi anaweka saba, nane. Sasa inakuwaje ugenini mikono inakufa?

Nina rafiki alikuwa anasoma upimaji wa ardhi. Nikamuomba aje na tepu pale kiwanjani kwetu Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Kitabu cha sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, kinasema ringi liwe mita 3.05 kutoka chini, ambayo ndo zile futi 10, na mstari wa mitupo huru uwe mita 4.60 kutoka kwenye ubao wa nyuma ya ringi. Tukapima. Ringi letu la upande wa barabarani lilikuwa mita 2.91. La upande wa pili 2.94. Kumbe kile kiwanja kilishawahi kurudishiwa sakafu, wakamwaga zege jipya juu ya lile la zamani na nguzo zikabaki palepale, kwa hiyo chini kumepanda na ringi limeshuka. Na mstari nao, aliyeupiga rangi alikadiria kwa macho, ulikuwa mita 4.20. Watu wangu, tulikuwa tunafanya mazoezi ya mchezo mwingine kabisa. Mkono umezoea umbali mfupi na kimo kifupi, ukienda ugenini kwenye ringi la kweli kila mpira unagonga ukingo wa mbele unarudi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndo huo, na kwangu ndo mkubwa kuliko yote nitakayoandika hapa. Pimeni. Azimeni tepu kwa fundi yeyote, nusu saa inatosha. Sisi tulipaka mstari mpya siku hiyohiyo, na ringi tulimuita fundi wa kuchomelea akanyanyua vishikio vya ubao, tukachangishana 500 kwa kila mchezaji kwa wiki mpaka tukamaliza deni lake. Na nyavu hatukuwa nayo, ringi tupu, kila siku ugomvi imeingia haijaingia, mpaka dogo mmoja wa Ujiji alipotoka likizo na kipande cha nyavu ya kuvulia cha mjomba wake. Tukakishona kwenye ringi kwa kamba ya manila, jicho kwa jicho, nikiwa nimekaa juu ya mabega ya senta wetu, yule mrefu anayecheza karibu na ringi. Mpira ukipita pale unasikia chwaa, unashuka taratibu, na mpigaji anajua moja kwa moja. Nawaambia ukweli, kile kipande cha nyavu kilibadilisha hata namna wavulana walivyokuwa wanasimama kwenye mstari.

Baada ya hapo mitupo ikawa kila jioni. Lakini msipige mkiwa mmepumzika, hapo wengi wanakosea. Kwenye mechi unapewa mitupo huru ukiwa unahema, umetoka kugongwa, miguu mizito. Sisi tulikuwa tunakimbia urefu wa kiwanja kwenda na kurudi mara tatu, halafu unasimama kwenye mstari unapiga miwili, unarudi kukimbia, na mimi naandika jina na idadi. Wiki ya kwanza kwenye mstari mpya timu nzima ilipiga 100 ikaingiza 41. Inauma kusoma namba kama hiyo kwa sauti mbele ya watu lakini niliisoma. Wiki ya sita 63. Hakuna aliyekuwa na kipaji kipya hapo katikati, ni walewale, kwenye kiwanja kilekile, saa kumi na moja jioni mpaka adhana ya magharibi.

Mnaopenda basketi ya vyuo vya Marekani mnaikumbuka timu ya Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka 2018 kwenye mashindano ya taifa walikuwa wamepangwa namba moja kwa ubora kundini kwao wakafungwa na UMBC, chuo cha Maryland waliokuwa namba 16, ya mwisho, 74 kwa 54, kitu ambacho kwa wanaume kilikuwa hakijawahi kutokea. Mwaka uliofuata, 2019, nusu fainali na chuo cha Auburn, wako nyuma kwa pointi 2, imebaki sekunde 0.6, Kyle Guy anasimama kwenye mstari ana mitupo mitatu. Akaingiza yote, 63 kwa 62, na siku mbili baadaye wakawa mabingwa. Niliwasimulia wachezaji wetu hiyo habari siku ile ya 41 na nikaona wamenyamaza vizuri, sio kunyamaza kwa hasira.

Kitu kingine mtu wa daftari anaweza kufanya na hakigharimu chochote ni kuhesabu faulo za timu pinzani. Timu ikifikisha faulo nne kwenye robo moja, faulo yoyote ya difensi, yaani wao wakiwa wanazuia, inayofuata inawapa nyinyi mitupo miwili hata kama hamkuwa mnapiga. Timu nyingi za vyuo hazifuatilii hilo, zinaendelea kurusha za mbali. Mimi ikifika nne nilikuwa nasimama napiga kelele NNE! NNE! na kila mtu kwenye timu alijua sasa ni kuingia ndani na mpira, acha za mbali. Vilevile mchezaji wao mrefu akiwa na faulo tatu kabla ya mapumziko, mpelekeeni mpira huko huko aliko, akifika tano anatoka na hawana mwingine wa kimo chake. Mambo haya hayahitaji mtu wa mita 2.21 kama Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA kule Marekani. Watu wa kwetu wakiona timu haina warefu wanakata tamaa mapema, na sisi senta wetu hakufika hata mita 1.90.

Sasa nije kwenye kitu kigumu.

Tulikuwa na mfungaji wetu, yuko mwaka wa tatu, mechi nyingi anatoka na pointi ishirini, chuo kizima kinamjua, wasichana wanakuja kiwanjani kwa ajili yake. Baada ya mechi nne nikawa najumlisha kurasa usiku hosteli nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Alikuwa amepoteza mpira mara 31 kwenye mechi hizo nne. Na kila alipokaa benchi kupumzika, sisi ndo tulikuwa tunawaacha wapinzani kwa pointi. Nikarudia hesabu mara tatu nikijua nimekosea. Sikuwa nimekosea. Sababu yenyewe ukiangalia vizuri haikuwa ubinafsi, ni kwamba akiwa ndani wenzake wanne wanasimama wanamsubiri yeye, wapinzani nao wanajua, wanamwekea watu wawili, anabaki na mpira mkononi na hana pa kuutoa.

Nikampelekea kocha. Kocha akasoma, akavua miwani, akaniambia haya mwambie wewe, mimi nikimwambia ataona namtoa. Nikakosa usingizi aisee.

Kesho yake nilimkuta chini ya miembe ile ya njia ya kwenda mjini, amekaa anakula karanga. Nikamsalimia, nikakaa, nikamwambia kaka nina kitu cha kukuonyesha na naomba uone mpaka mwisho kabla hujaongea. Nikaanza na ukurasa wa ribaundi zake, yaani mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa, ambazo hakuna aliyekuwa anazizungumzia, alikuwa wa pili kwenye timu nzima. Halafu ndo nikafungua ule mwingine. Akawa anapitisha kidole mstari kwa mstari, taratibu sana, maganda ya karanga yamebaki mkononi. Akauliza, "Hizi zote ni zangu?" Nikasema zote kaka. "Mechi ya pili umeandika nane. Mi nilijua tano." Akafunga daftari akanirudishia, akaondoka bila neno lingine, na mimi nikabaki pale nikiwaza nimeiua timu.

Jioni alikuja mazoezini wa kwanza. Kabla hatujaanza akamwambia kocha mbele ya wote, mwalimu naomba niwe natokea benchi, niingie dakika ya sita, nikiingia wenzangu wawe wameshazoea kufunga. Hakunitaja. Kuanzia siku hiyo tukashinda mechi tisa mfululizo, na yeye bado ndo akamaliza msimu akiwa mfungaji wetu bora, kwa sababu akiingia difensi ya wenzetu imeshatawanyika, hawawezi tena kumwekea watu wawili.

Kwa hiyo kama mna namba za mtu, msizisome mbele ya kundi. Zile za timu someni hadharani, za mtu mpelekee mwenyewe, pembeni, na anza na anachofanya vizuri kwa sababu kipo, ukikosa kukiona ujue hujaandika vya kutosha. Mimi ningezisoma zile 31 pale kiwanjani tungempoteza na tungestahili kumpoteza.

Madogo madogo nayataja haraka. Angalieni ratiba ya mitihani kabla ya kukubali tarehe za mechi, mwaka wa nyuma tulienda kucheza bila watu watatu wako kwenye sapu, mitihani ya kurudia. Zege linakula mpira na linakula miguu, vaeni soksi mbili na zikunjueni vizuri zisiwe na kunyanzi, sio jambo la kitoto, John Wooden, kocha wa chuo cha UCLA Marekani aliyebeba ubingwa wa vyuo mara 10 kati ya 1964 na 1975 alikuwa anaanza msimu kwa kuwafundisha wachezaji wake kuvaa soksi. Na mpira mmoja mzuri uwekeni kwa ajili ya siku mbili kabla ya mechi tu, ule uliokwisha vipele fanyieni mazoezi ya kila siku, ukiushika ule mzuri unahisi unanata mkononi.

Mashindano yenyewe yalikuwa Kigoma. Tulienda na treni, usiku kucha, watu wamelala wamekaa, na kule ziwani joto sio kama letu la Tabora, lina unyevu, mpira unalowa jasho unateleza mikononi. Kocha aliomba taulo sita nyumba tuliyofikia na kazi ya wachezaji wa benchi ikawa kufuta mpira na mikono kila mchezo ukisimama. Na kabla ya mechi ya kwanza, watu wanapasha misuli, mimi na dogo wa Ujiji tukaenda na tepu yetu kupima ringi zao. Mita 3.05, zote mbili. Nikawaambia wavulana, ni kama nyumbani. Niliona mabega yakishuka.

Fainali tulishinda 58 kwa 51. Mitupo huru 24, tukaingiza 17. Robo ya mwisho tulifunga vikapu vya kawaida vitatu tu, vilivyobaki vyote vilitoka kwenye mstari, na miwili ya mwisho aliipiga senta wetu ambaye wiki ile ya kwanza alikuwa amepiga kumi akaingiza mmoja. Mfungaji wetu alikuwa benchi muda huo, ana faulo tano, taulo shingoni, anahesabu kwa sauti pamoja na mimi.

Nilipomaliza chuo daftari nililiacha kwa binti wa mwaka wa kwanza ambaye naye alikuwa anakuja kukaa pembeni kama mimi. Aliniuliza dada ukurasa wa kwanza niandike nini, nikamwambia urefu wa ringi, na upime mwenyewe, usinakili wa kwangu, maana mvua za masika zilikuwa zimeisha na nguzo ya upande wa barabarani nilikuwa naiona imeanza kuinama.