Bakapu ya usiku inafanyika mchana

Niliweka cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, ichukue bakapu (nakala ya akiba) saa nane usiku. Inachukua saa tano asubuhi, wateja wamejaa na tovuti inajikokota. Seva imechanganyikiwa? (Mwanza)

Seva ni nzima. Nadhani uliandika 8 kwenye kisanduku cha saa. Kroni, kipanga ratiba cha seva, haiijui saa yetu. Yenyewe huhesabu 0 hadi 23 kuanzia usiku wa manane, hivyo 8 yake ni saa mbili asubuhi. Juu ya hapo, seva nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mbili na tatu, tano. Andika 0 23 * * * (dakika 0, saa 23, kila siku), hiyo ndiyo saa nane yako ya usiku.

Kuna mtego mwingine, na hata mafundi huwanasa: 23 hiyo bado ni jana. Ukitaka usiku wa kuamkia Jumapili tu, siku ya wiki uandike 6, yaani Jumamosi, si 0. Na kabla ya hesabu zote, andika date kwenye terminali uone seva inafuata saa za wapi. Ikifuata za Ujerumani, tofauti na sisi hubadilika mara mbili kwa mwaka.

Skripti yangu ya PHP nikiiendesha kwa mkono inafanya kazi. Kroni ikiiendesha, kimya. (Eldoret)

Ukiingia mwenyewe, seva inakuandalia mazingira yako. Kroni huanza karibu mikono mitupu, haijui php iko wapi. Taja njia nzima, mfano /usr/local/bin/php, na njia nzima ya faili lako pia. Amri ikiwa na alama ya asilimia, itangulizie mkwaju wa nyuma: \%. Bila hivyo kroni huikata amri papo hapo. Mimi hilo limewahi kunikesha. Na kama mwishoni umebandika > /dev/null 2>&1, inayotupa majibu yote ya amri, iondoe kwa siku moja. Unalalamikia kimya ulichokiagiza mwenyewe.

VPS yetu (seva pepe ya kukodi) inashindwa kusasisha cPanel kila usiku. Nijaribu kulazimisha? (Arusha)

Usilazimishe kabla ya kusoma. Kumbukumbu ziko /var/cpanel/updatelogs. Fungua ya karibuni, anzia chini. Kisha endesha amri df -h kuona kama diski imejaa, na df -i, maana nafasi yaweza kuwepo huku idadi ya mafaili imefika kikomo. Vyote vikiwa sawa, tazama mfumo wa uendeshaji wenyewe. CentOS 7 ilifikia mwisho wake 30 Juni 2024, na cPanel toleo la 110 ndilo la mwisho kuikubali. Ukikuta ni hiyo, hakuna cha kurekebisha, ni kuhama: chukua bakapu, iweke nje ya seva hiyo, kisha panga safari ya kwenda AlmaLinux, mfumo unaochukua nafasi yake.

Umeme ulikatika nikisasisha WordPress. Sasa tovuti inasema iko kwenye matengenezo. (Mombasa)

Kwenye kidhibiti mafaili, ruhusu yaliyofichwa yaonekane, futa faili la .maintenance. Kisha rudia kusasisha, kwani huenda programu-jalizi moja imebaki nusu.