Mtoto Ananyonya, Hedhi Haijarudi: Je, Mimba Yaweza Kuingia?

Katika toleo hili mkunga wetu anajibu barua nne za wasomaji kuhusu kurejea kwa uwezo wa kushika mimba baada ya kujifungua. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Mkunga, shikamoo. Nina mtoto wa miezi mitano na nusu, na tangu nijifungue sijaona siku zangu. Mama mkwe anasisitiza kwamba mwanamke anayenyonyesha na asiyeona damu hawezi kushika mimba, na kwamba yeye alipishanisha watoto wake sita kwa njia hiyo bila kumeza kidonge hata kimoja. Lakini jirani yangu, ambaye naye alikuwa akinyonyesha na hakuwahi kuona hedhi, amekutwa na mimba ya miezi mitatu ilhali mwanawe bado hajatimiza mwaka. Mwanangu ananyonya vizuri mchana, ila wiki hizi analala kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri bila kuamka, na tumeanza kumwonjesha uji mwepesi. Nimwamini nani?
Mama wa mtoto mmoja, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mama mkwe wako hakukudanganya, wala yaliyompata jirani yako si ajabu. Mtoto anapovuta chuchu, taarifa husafiri kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na huko mambo mawili hutokea kwa pamoja: homoni ya prolaktini huongezeka ili matiti yatengeneze maziwa, na zile homoni zinazoiamuru ovari ipevushe yai hupungua na kupoteza mpangilio wake. Kwa hiyo kinachozuia yai si maziwa yaliyojaa kifuani, bali ni kule kunyonya kwenyewe, mara kwa mara, usiku na mchana. Watafiti Melvin Konner na Carol Worthman walieleza mwaka 1980 jinsi akina mama wa jamii ya !Kung katika jangwa la Kalahari walivyonyonyesha kwa muda mfupi sana kila mara, lakini mara kadhaa ndani ya saa moja, na watoto wao walipishana kwa takriban miaka minne bila dawa yoyote. Huenda mama mkwe wako naye alilea kwa namna inayokaribia hiyo, mtoto akiwa mgongoni shambani na kifuani usiku kucha. Wewe ambaye mwanao analala saa nane mfululizo huwezi kuichukua kinga yake ukaifanya yako.

Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba kunyonyesha humkinga mama kwa takriban asilimia 98 endapo masharti matatu yatatimia kwa pamoja: hedhi iwe haijarudi, mtoto awe ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, na awe hajatimiza miezi 6. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena, hata kama mengine mawili yangalipo. Kliniki huongeza kipimo kingine, kwamba mtoto asikae zaidi ya saa 4 mchana wala saa 6 usiku bila kunyonya. Sasa tazama hali yako: usiku mmevuka saa 6, uji umeshaingia, na baada ya wiki mbili hivi miezi 6 itatimia. Sharti litakalosalia kwako ni hedhi peke yake, na kutegemea hilo tu huenda ndiko kulikomponza jirani yako.

Yai hutangulia, damu hufuata. Yai likitoka na lisikutane na mbegu ya mwanamume, hedhi huja baada ya wiki mbili hivi. Likikutana nayo na mimba ikatunga, hedhi haiji kabisa, na mama huendelea kujihesabu kuwa bado hajaanza kuona siku zake. Katika miezi ya mwanzo, hedhi ya kwanza ya mama anayenyonyesha kikamilifu mara nyingi huja bila yai kutangulia, na ndiyo sababu mojawapo kanuni ya Bellagio huaminika katika nusu mwaka wa kwanza. Kadiri miezi inavyosonga na chakula kinavyochukua nafasi ya ziwa, ndivyo inavyozidi kuwezekana kwamba yai litatangulia hedhi hiyo ya kwanza. Kwa hiyo usisubiri damu ndipo utafute njia ya uzazi wa mpango. Nenda kliniki wiki hii. Huenda wakakupima mimba kwanza, kwa kuwa wiki hizi za usingizi mrefu zimepita bila kinga ya uhakika. Na huo uji, mama, ungengoja hadi miezi 6 itimie.

SWALI: Nilijifungua kwa upasuaji. Maziwa yangu hayakutosha, na mtoto anatumia maziwa ya kopo tangu wiki ya kwanza. Arobaini imekwisha wiki iliyopita na mume wangu amerudi kutoka safari. Nimesikia kwamba mwili hupumzika miezi mitatu kabla ya kuweza kushika mimba tena. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si kweli, na kwa mama asiyenyonyesha imani hiyo ni ya hatari. Kwa kundi lako, wastani wa siku ambayo yai la kwanza hutoka ni kati ya wiki ya 6 na ya 13, lakini imewahi kuonekana mapema hadi siku ya 25, yaani ndani ya arobaini yenyewe, damu ya nifasi ikiwa ndiyo kwanza inakauka. Arobaini humkinga mama kwa sababu tu wanandoa hawakutani. Kuanzia leo tumieni kondomu hadi utakapofika kliniki kuchagua njia mtakayoendelea nayo, kwa maana Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite kati ya kujifungua na mimba inayofuata, na wewe una mshono wa mji wa mimba unaohitaji muda huo kuliko wengi.

Niongeze neno ambalo hukuliuliza. Mama aliyefiwa na mtoto mchanga naye yumo katika hesabu hii, kwa kuwa hakuna anayenyonya. Lakini watu humwonea haya kumweleza, akabaki bila ushauri wakati anauhitaji sana.

SWALI: Mimi ni mume. Mke wangu amepelekwa kwao akae hadi mtoto aanze kutembea, kwa sababu wazee wanasema nikikutana naye mtoto atabemendwa, adhoofike na achelewe kusimama. Je, kitaalamu jambo hili lipo?
Baba, Singida

JIBU: Mbegu za kiume haziingii katika maziwa, na tendo la ndoa halina njia yoyote ya kumdhoofisha mtoto anayenyonya. Hata hivyo, wazee hawakuota ndoto. Walichokiona ni mama aliyeshika mimba mapema, akamwachisha mtoto ziwa ghafla kwa kuogopa kwamba maziwa ya mimba ni sumu, kisha mtoto akaishi kwa uji mtupu usio na maharage, dagaa wala yai, hadi miguu ikavimba na nywele zikabadilika rangi. Mtoto huyo alidhoofika kweli, ila kilichomdhoofisha ni utapiamlo. Kumtenga mke ulikuwa uzazi wa mpango wa zama ambazo hakukuwa na kitanzi wala kijiti, na ulifanya kazi.

Kwa hiyo ndugu yangu, usiende kubishana na wakwe. Waambie kwa heshima kwamba mnakubaliana nao kuwa mtoto asiingiliwe na mimba nyingine mapema, na kwamba mmepata njia ya kulitimiza hilo mkiwa nyumba moja. Iwapo mimba itaingia hata hivyo, mtoto aendelee kunyonya. Maziwa yatapungua, hayataharibika, na aliyetimiza miezi 6 aongezewe chakula chenye lishe. Mama aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, au anayetokwa na damu, apate kwanza ushauri wa daktari.

SWALI: Nina mtoto wa wiki tisa, na likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inakaribia kuisha. Nitakuwa nikikamua maziwa na kumwachia dada wa nyumbani. Je, kinga ya kunyonyesha itaendelea? Na ni njia ipi isiyokausha maziwa?
Mfanyakazi, Dar es Salaam

JIBU: Itaendelea kwa udhaifu. Maziwa ya kukamua ni yaleyale na ni bora kwa mtoto, lakini mkono au pampu haiamshi ubongo kama ulimi wa mtoto. Utafiti uliofanywa Chile kwa wanawake waliorudi kazini huku wakikamua ulionyesha kwamba takriban 5 katika kila 100 walishika mimba ndani ya miezi 6. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto katika muda wa kazi. Zidai, na usiku mpe ziwa kila anapotaka.

Kuhusu njia, kitanzi cha shaba hakina homoni na huwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua au kuanzia wiki ya 4. Vijiti na vidonge vya homoni moja vinaruhusiwa kwa anayenyonyesha, na sindano ya miezi mitatu huanza baada ya wiki ya 6. Vidonge vya homoni mbili ndivyo vinavyoweza kupunguza maziwa, kwa hiyo vingoje hadi mtoto atimize miezi 6. Chanjo ya wiki ya 10 itakukuta ukiwa bado likizo. Siku hiyohiyo, mtoto akishachomwa sindano yake, mwambie muuguzi kwamba na wewe una shida yako.