Feni inapiga kelele kama jenereta na wimbo wenyewe ni mmoja

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina laptopu ya mtumba, Core i3 ya zamani yenye RAM GB 4, nikatoa Windows nikaweka Linux Mint 21 maana niliambiwa ni nyepesi, sasa nikiweka muziki hapa steshenari feni inaanza kuunguruma, nikifungua top, ile inayoonyesha kila programu inakula prosesa kiasi gani, naikuta pulseaudio inayoendesha sauti iko juu kabisa, mara asilimia 30 mara asilimia 35, kuna muda muziki umezimwa na bado inasoma 10. Pavucontrol, ile ya kurekebisha sauti, nimeiacha wazi siku nzima niichunguze, sioni tatizo, ile mistari inacheza tu. Sauti niliiseti kwa kufuata video fulani ili bezi itoke. Prosesa imechoka? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Haijachoka ndugu yangu, usije ukauziwa nyingine bure. Hiyo 30 ni ya koa moja, yaani kiini kimoja cha prosesa, top ndo inavyohesabu, kama mashine yako inaonyesha koa 4 basi haifiki asilimia 8 ya nguvu yote, bonyeza Shift na I uone inavyoshuka. Ila kwa wimbo mmoja bado ni nyingi.

Anza kwa kufunga pavucontrol. Ile mistari haichezi hivihivi, ili icheze pulseaudio inabidi ipime sauti ya kila kifaa muda wote, na maiki ambayo hata huitumii nayo inaamshwa, yaani unamtafuta mwizi na yeye ndo kakushikia tochi.

Hiyo 10 ya kimyakimya, andika kwenye terminal pactl list short sinks. Muziki ukizimwa, baada ya sekunde 5 hivi inatakiwa isome SUSPENDED, ikibaki RUNNING kuna programu imeng'ang'ania spika, na pactl list sink-inputs itakutajia jina lake. Mara nyingi ni tabu ya brauza uliyoisahau, au kama uliweka PulseEffects kwa ajili ya bezi, hiyo nayo inaweza kuwa inajiwasha na mashine.

Sasa hiyo video, hapo ndo nina wasiwasi napo. Fungua ~/.config/pulse/daemon.conf, kama haipo angalia /etc/pulse/daemon.conf, utafute resample-method na default-sample-rate. Nyimbo nyingi za mp3 zina sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44100 kwa sekunde, hiyo ndo sample-rate, ukilazimisha kadi iende 192000 kila wimbo lazima upigiwe hesabu upya kujaza sampuli ambazo hazikuwepo, na hiyo hesabu ina madaraja, ndo hiyo resample-method, speex-float-0 mpaka speex-float-10, ya kawaida ni 1 na hao watu wa video wanapenda 10. Kwa spika za dukani na bodaboda zinapita nje hutasikia tofauti, na bezi haihusiani kabisa na hiyo setingi, bezi ni ikwalaiza. Weka alama ya # mwanzo wa mistari hiyo miwili, sevu, kisha andika pulseaudio -k, itakufa na kujiwasha yenyewe. Muziki ukigoma kuendelea, funga pleya ufungue tena.

SWALI: Narekodi kwaya kwa Ardour, programu ya kurekodi na kumiksi, kwenye Ubuntu 24.04, nikianza kumiksi kipimo cha DSP, yaani kazi ya kuchakata sauti, kinafika asilimia 90 na sauti inakatikakatika. Bafa, yaani sampuli zinazochakatwa kwa mkupuo mmoja, niliweka 64 kama nilivyoelekezwa. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Aliyekuelekeza alikuwa anaongelea kurekodi, pale mwimbaji anapojisikia kwenye hedifoni na hataki sauti imfikie kwa kuchelewa. Kwenye kumiksi haina maana. Bafa ya 64 kwa sampuli 48000 kwa sekunde ni prosesa kuamshwa mara 750 kila sekunde, na kila mara plagini zako zote zimalize kazi ndani ya milisekunde 1 na kidogo, ukiweka 1024 inakuwa mara 47 hivi. Ubuntu yako inatumia PipeWire kuendesha sauti, na bafa yenyewe inaiita quantum, kwa hiyo andika kwenye terminal pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024, na siku ya kurekodi rudisha 64, au weka 0 ijiamulie yenyewe. Halafu acha pw-top wazi pembeni wakati unamiksi, uangalie safu ya ERR, kila ikiongezeka ujue hapo sauti imekatika, na kama hata kwa 1024 bado inapanda anza kuzima riveb, zile plagini za mwangwi, moja moja, maana najua kila sauti umeiwekea yake.