"Potofu" au "potoshi"?

SWALI: Ninafasiri ripoti kuhusu serikali zinavyogundua na kukabili habari za uongo zinazopenyezwa na mataifa mengine. Mhariri wangu amefuta "habari potofu" kila mahali na kuweka "habari potoshi". Si ni yale yale? Na "uvumi" je?

JIBU: Si yale yale. Mhariri wako yuko sahihi, ila si kila mahali. "Potofu" inatokana na kupotoka, "potoshi" na kupotosha. Watazame mwongofu na kiongozi: mmoja ameongoka, mwingine anaongoza. Ndivyo walivyo mpotofu na mpotoshaji. Habari potofu ina kosa tu, hata kama anayeieneza ana nia njema. Habari potoshi ina mkono nyuma yake.

Mkono huo ndio unaosakwa. Viginum, idara iliyoanzishwa na Ufaransa mwaka 2021, haihesabu uongo peke yake kuwa kosa la kushughulikiwa. Huangalia pia kama umesambazwa kwa makusudi na kwa hila ya mitambo au wingi, na kama dola au kundi la nje limehusika. Tovuti bandia ya gazeti la Ufaransa la Le Monde ilifanana na halisi kwa herufi na mpangilio. Anwani tu ndiyo iliishia na .ltd badala ya .fr. Juni 2023 Ufaransa ikaianika hadharani kampeni iliyokuwa nyuma ya tovuti hiyo na kuwataja wahusika wa Urusi. (Hapo usiandike "ilikanusha", kosa ninaloliona kila siku. Anayekanusha anakataa jambo, Ufaransa ilifichua. Mtaani wangesema iliwaumbua.)

Umenigusia pia "uvumi". Uvumi huvuma, hauna mwenyewe, na ndiyo maana wapotoshaji huupenda. Mwaka 1983 gazeti la Patriot la India lilichapisha barua isiyo na jina la mwandishi, ikidai kwamba UKIMWI ulitengenezwa na Marekani. Kwa msomaji ulikuwa uvumi. Kwa KGB, majasusi wa Muungano wa Kisovyeti walioupanda, ilikuwa kazi ya ofisini.

Kwa hiyo aliyeipenyeza barua ile mwandikie "potoshi". Ripoti ikifika kwa watu walioisoma barua hiyo, wakaiamini na kuwasimulia wenzao, mwombe mhariri akurudishie "potofu" yako.